Betri ya Mama Mkwe

Mtaani walimwita Fundi, basi, bila jina jingine. Alikuwa mshonaji wa magauni ya harusi, na chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa cheupe mwaka mzima: lesi zimening'inia kila pembe, satini zimekunjwa kwenye rafu, na mtu akikanyaga kizingiti na viatu vyenye vumbi alitazamwa kwa jicho ambalo lilimfanya avivue mwenyewe bila kuambiwa. Mumewe alikuwa amefariki zamani. Watoto wakubwa walishatawanyika na maisha yao. Wa mwisho, ambaye hata baada ya kuwa mtu mzima mama yake aliendelea kumwita Kitinda, alikuwa mhandisi wa barabara, na alikuwa ameolewa na mwanamume mpole, mrefu, ambaye kazi yake ilikuwa kukagua mizani.

Kukagua mizani si kazi ya kukupatia marafiki. Mkwe alizunguka kwenye masoko na maduka na sanduku lake la mawe ya shaba, akipima kama kilo ya muuza sukari ni kilo kweli. Akitokea upande huu wa soko, upande wa pili watu walianza kufuta futa mizani zao na kumsalimia kwa furaha ya uongo: "Karibu, Bwana Mizani!" Yeye alitikisa kichwa tu, akafungua sanduku.

Mwaka ule moyo wa Fundi ukaanza utundu. Ungekuta amekaa zake ametulia, anapiga pindo, ghafla moyo unaenda mbio kama cherehani iliyokanyagwa na mtoto. Hospitali walimpa vidonge, na daktari akamwambia atembee kila asubuhi, apande kilima taratibu, lakini asijilazimishe. Mapigo yakizidi kiasi, akae chini apumzike. Bahati mbaya, wakati huohuo Kitinda alikuwa amepangiwa kambi ya ujenzi wa barabara mbali sana, mahali ambapo hata kurudi nyumbani wikendi ilikuwa ndoto. Alilia, akafungasha, na kabla ya kuondoka akafanya mambo mawili. Alimhamishia mumewe nyumbani kwa mama yake, na alivua saa mkononi mwake akamvisha mama.

"Mume wangu atakuangalia ndani," alisema. "Saa itakuangalia nje."

Ilikuwa saa ya kisasa, ya zile zinazohesabu mapigo ya moyo na kuonyesha kwenye ramani mtu alipo. Ilikuwa na laini yake ndani kama simu, kwa hiyo kila Fundi alipotoka kutembea, Kitinda huko kambini aliweza kufungua simu yake na kuona mama amefika wapi na moyo wake unakwendaje. Kitinda alikuwa ameivaa miaka mingi. Kioo kilikuwa na mikwaruzo, na mkanda wa mpira ulikuwa umeanza kupasuka, hivyo jambo la kwanza Fundi alilofanya ni kuutupa mkanda ule na kushona wake mwenyewe, wa pamba, mishono midogo midogo iliyonyooka kama mstari wa rula.

Nyumba ikabaki na watu wawili walioheshimiana mpaka ikawa tabu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Umeamkaje?"

"Salama."

Na mazungumzo ya siku yakaishia hapo. Mkwe alikuwa na kigugumizi. Kwa mkewe hakikuonekana sana, ndiyo maana Kitinda hakuwahi hata kufikiria kumweleza mama yake. Lakini mbele ya mtu anayemheshimu maneno yalimkwama kooni kama mfupa. Akaona salama ni kunyamaza. Alikula haraka, akaosha sahani yake, akaingia chumbani kwa unyenyekevu mkubwa. Fundi naye akaona kiburi. Siku moja alimwambia bibi harusi aliyekuja kupimwa: "Nimeletewa kabati. Kabati lenye adabu, silisemi vibaya. Lakini ni kabati."

Basi asubuhi moja mkwe alikuwa ananyoa ndevu, shavu moja limekwisha, jingine limejaa povu, simu ikalia. Alikuwa Kitinda, sauti imepanda.

"Mama amepotea! Alikuwa kwenye kona ya kilima, moyo uko juu, halafu kila kitu kimezimika. Nampigia hapokei!"

Simu ya Fundi ilikuwa mezani kando ya cherehani, ilipolala kila siku. Mkwe hakuuliza swali la pili. Alitoka kama alivyokuwa, fulana ya ndani, ndala miguuni, povu shavuni, akapanda kilima mbio. Muuza magazeti alimpisha. Mbwa wawili wakamfuata kwa kudhani kuna jambo. Alipofika kwenye kona, karibu na tangi kubwa la maji, alimkuta Fundi amekaa kwenye ukuta mfupi pamoja na mama mmoja mnene, wanakula karanga.

Mkwe alisimama akihema. Ndipo alipokumbuka amevaa nini.

"Sh-sh-shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba." Fundi alimtazama kuanzia ndala mpaka povu. "Kuna moto nyumbani?"

Mkwe alinyoosha kidole kwenye mkono wake. Kioo cha saa kilikuwa cheusi.

"Ee, imelala," alisema Fundi. "Mimi sijalala. Namsikiliza mwenzangu habari za magoti yake."

Yule mama mnene aligeuka upande wa pili akaziba mdomo kwa mkono, mabega yanamtikisika.

Nyumbani waliiweka saa kwenye chaja, na hapo ndipo mambo yalipokuwa ya ajabu. Iliwaka mara moja, ikasema betri ina zaidi ya nusu. Mkwe aliitazama kwa muda. Kwa mtu wa kazi yake, kitu kinachotangaza nusu kumbe hakiwezi hata kubaki kimewaka ni matusi. Alivuta kiti mezani, kwa mara ya kwanza bila kukaribishwa, akaanza kuigeuza geuza.

Kitinda aliwaongoza kwa simu. Akasema huenda mgongo wa saa umechafuka, haishiki chaji vizuri. Walipoigeuza wakakuta kweli: jasho lililokauka, na nyuzi nyeupe za lesi zimejisokota kuzunguka kile kioo kidogo cha kupima mapigo. Mkwe aliisafisha kwa mswaki laini, akaifuta chaja nayo. Kesho yake ikazimika palepale, kwenye kona.

Kitinda akasema programu zake ni za zamani, zisasishwe. Wakasasisha. Ikazimika. Akasema punguzeni mwanga wa kioo. Wakapunguza mpaka Fundi akawa anaisoma kwa kuificha chini ya meza. Ikazimika. Akasema basi, futeni kila kitu, muianze upya kama imetoka dukani. Wakafuta, nayo ikaamka na lugha ambayo hakuna mtu ndani ya nyumba ile aliyeijua hata herufi zake, na ilichukua alasiri nzima ya kubonyeza kwa kubahatisha kuirudisha kwenye lugha ya watu. Asubuhi ikapanda kilima, ikafika kwenye kona, ikazimika.

"Sasa naielewa," alisema Fundi. "Haipendi kilima. Ingesema tu."

Lakini Kitinda hakucheka. Kila mara saa ilipozimika, yeye huko mbali alikaa roho juu mpaka mama arudi nyumbani na kushika simu. Na ukimwambia Fundi abebe simu, alijibu kwamba yeye anakwenda kutembea, hahami. Siku ile Kitinda alimpigia mumewe pembeni.

"Mfuate. Kwa nyuma tu, asijue."

Mtu mrefu hajui kujificha. Mkwe alijitahidi: alisimama nyuma ya nguzo ya umeme, akajifanya anasoma tangazo ukutani, akainama kufunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba. Hawajafika hata nusu ya kilima, Fundi akasimama bila kugeuka.

"Baba."

Mkwe alijibana zaidi nyuma ya nguzo.

"Wewe uliye nyuma ya nguzo. Njoo hapa. Ukinifuata hivyo watu watadhani nakudai, au wewe unanidai. Tembea pembeni yangu."

Akaja pembeni yake, uso umemwiva kwa haya. Wakapanda. Kilima kile kilikuwa cha kikatili hasa kuanzia kwenye geti la shule, na kwa sababu Fundi hakuweza kuvumilia kimya cha watu wawili wanaohema, akauliza kwa kukatakata:

"Kwa hiyo... baba... kwenu... mlizaliwa... wangapi?"

Naye mkwe, mguu ukishuka, neno likishuka nao, akajibu: "Wanane, Mama. Mimi. Wa tatu. Wawili. Mapacha. Mmoja. Ana. Duka. La. Misumari. Ananidanganya. Kila. Siku. Kwamba. Mizani. Yake. Ni. Nzima."

Fundi alisimama katikati ya barabara.

"Kumbe unaongea!"

Na kwa kuwa miguu ilisimama, maneno nayo yakasimama. Mkwe alifungua mdomo, akafunga, akafungua. "Na-naongea, Mama. Ni vile ma-maneno yangu yana... yana foleni."

Fundi alicheka mpaka akashika ukuta wa shule. Hakikuwa kicheko cha kumcheka, na mkwe alilijua hilo kwa sababu macho ya mama yule yalikuwa yamelowa.

"Mwaka karibu unaisha tunakaa nyumba moja," alisema, akijifuta kwa kiganja. "Mimi nikajua unaringa."

"Mi-mimi nikajua Mama hapendi kelele."

"Mimi? Mimi niliyeolewa na mpiga tarumbeta?"

Kuanzia asubuhi ile wakawa wanatembea pamoja, na siri ya Fundi iliyokuwa wazi kwa mtaa mzima, kwamba anapenda kusimulia kuliko kula, ikamfikia na mkwe. Alimsimulia bibi harusi aliyepimwa mara ya kwanza akiwa mwembamba kama ufito, akaanza kula kwa furaha ya uchumba, gauni likaongezwa vipande mpaka siku yenyewe kitambaa cha mwanzo kilikuwa kimebaki mabegani tu. Alimsimulia marehemu mumewe, ambaye alipiga tarumbeta vibaya kwa moyo wote. Mkwe naye, kwa kufuata hatua zake, alimweleza ujanja wa sokoni: sumaku chini ya sahani ya mizani, kidole gumba cha muuzaji, jiwe lililotobolewa tumboni likajazwa nta. Fundi hakuwahi kuchoka na habari hizo. "Ehe? Halafu ukamfanyaje?" alikuwa akiuliza, akisahau kwamba anapanda kilima.

Saa iliendelea kuzimika. Lakini sasa mkwe alikuwa karibu yake inapozimika, na akaanza kuiona kwa macho ya kazi.

"Mama," alisema siku moja wakishuka, "kuna mizani ambayo ikiwa tupu inasimama sawa kabisa. Hata ukiweka mzigo mdogo inasema kweli. Weka mzigo mzito sasa. Hapo ndipo inakwenda ovyo."

"Na hii?"

"Hii tunaipima ikiwa imekaa. Tuipime ikiwa imebeba."

Akaanza kuipunguzia mizigo, mmoja baada ya mwingine, na asubuhi moja kwa kila jaribio. Walipanda ikiwa inahesabu mapigo tu, ramani na laini vimezimwa. Ikafika kwenye tangi na kurudi nyumbani bila neno. Wakapanda na ramani tu. Ikafika. Wakapanda na laini tu, Fundi akampigia Kitinda akiwa juu kabisa kujivuna. Ikafika. Kisha mkwe akawasha vyote kwa pamoja: mapigo, ramani, laini, na kioo kikiwaka kila mkono ukipanda. Walipopita geti la shule tu, ikazimika, ilhali sekunde iliyotangulia ilikuwa imeandika ina zaidi ya nusu. Na asubuhi zenye baridi ilizimika mapema zaidi.

"Si kwamba haina kitu," mkwe alimweleza Kitinda kwa simu, akizunguka zunguka sebuleni huku akiongea. Alikuwa amejua sasa kwamba miguu humsaidia. "Ina kitu. Ila betri imezeeka, haiwezi kutoa nguvu nyingi kwa mkupuo. Ukiidai yote pamoja inaanguka. Ukiiacha ikapumzika, inaamka, inajisomea nusu yake."

"Kama mimi," Fundi alidakia kutoka kwenye cherehani. "Nikikaa, mzima. Nikipanda kilima, ukoo mzima unapigiana simu."

Kitinda alimwelekeza mumewe ndani kabisa kwenye mipangilio, chini ya vitu vingine vyote, na huko wakakuta ukurasa unaosema waziwazi kwamba betri imechoka na inahitaji kubadilishwa. Ulikuwepo muda wote.

"Basi mnunulie Mama saa mpya," alisema Kitinda. "Nitachagua mimi, italetwa mpaka mlangoni."

"Simama hapohapo," alisema Fundi, akachukua simu. "Hii nimeizoea. Vitufe vyake navijua gizani. Na mkanda wangu je? Nimeushona kwa kipimo chake."

"Mama, utashona mwingine."

"Kwani cherehani yangu ikiharibika sindano nanunua cherehani?"

Kitinda alishusha pumzi kule kambini, pumzi za mtu anayejua ameshindwa.

Siku ya Jumamosi wakaenda wote wawili kwa fundi wa saa, mwanamke mwenye miwani mizito aliyekuwa na kibanda kidogo kando ya duka la fotokopi. Fundi wa saa aliipokea, akapitisha ukucha kwenye ukingo wa kioo, akakunja uso.

"Mmeona hapa? Kioo kimeanza kunyanyuka."

Aliipasha joto ukingoni mpaka gundi ikalegea, akaingiza kijiti chembamba cha plastiki, akaifungua polepole kama mtu anayefungua kitabu cha zamani. Ndani betri ilikuwa imevimba. Ilifanana na mto mdogo wa mtoto.

"Mungu wangu," alisema Fundi. "Na hiyo nimelala nayo."

"Mmefanya vizuri kuileta. Ikivimba hivi haitakiwi kuchajiwa tena, wala kutobolewa, wala kutupwa kwenye taka za nyumbani. Hii naitunza mimi, kuna watu huja kuzikusanya." Aliitoa kwa uangalifu mkubwa, akaiweka kwenye kopo la bati lenye mchanga, kisha akaweka mpya. Alipoanza kupaka gundi ya kufungia, Fundi alikuwa ameshainama mpaka kofia ya taa inamgusa nywele.

"Hapo kwenye kona umepitisha? Kona ndiyo inayoachia."

"Nimepitisha, mama."

"Mzunguko mzima, hujaruka?"

Fundi wa saa alinyanyua miwani. "Mama, wewe unafanya kazi gani?"

"Nashona."

"Nilijua tu," alisema, na wote wawili wakatabasamu. Alimwonya asiiamini tena kwenye maji, maana ikishafunguliwa haizibiki kama ilivyotoka kiwandani, na akamwambia aichaji mpaka ijae, aitumie mpaka ikaribie kwisha, aijaze tena, ili ijifunze upya kusoma kiasi chake.

Jumatatu ikapanda kilima na mizigo yote, ikafika kwenye tangi, ikashuka, ikarudi nyumbani inawaka. Kitinda alipiga simu anapiga vigelegele. Mkwe, ambaye asubuhi ile alibaki nyumbani kwa kuona kazi yake imekwisha, alimkaribisha Fundi mlangoni kwa furaha.

Fundi alivua viatu, akakaa, akanywa chai. Hakuonekana na furaha yoyote.

"Saa ni nzima," alisema.

"N-ndiyo, Mama."

"Kwa hiyo wewe umestaafu."

Mkwe hakuelewa.

"Inahesabu moyo wangu vizuri sana," Fundi aliendelea, akitazama ndani ya kikombe. "Lakini nimeisimulia habari za jana za yule bibi harusi na shangazi yake, haijasema hata 'ehe'."

Kesho yake alfajiri ilipopambazuka vizuri, mkwe alikuwa amekaa kizingitini, viatu miguuni, anamsubiri.

Wakaendelea hivyo, mpaka ikafika asubuhi moja ya mawingu. Walikuwa hata hawajaanza ule mwinuko mkali. Walikuwa wamesimama kwenye geti la shule, Fundi anasimulia, mkono hewani, pale saa ilipoanza kutetemeka.

"Imerudia ujinga wake," alisema, akaitikisa.

Mkwe alitazama kioo. Namba ya mapigo ilikuwa juu, juu sana kwa mtu aliyesimama. Wazo lake la kwanza lilikuwa hilohilo: imeharibika tena, labda gundi, labda betri mpya ni feki. Wiki ngapi wamekuwa wakiikuta na uongo? Akanyoosha mkono aivue aikague. Halafu akasita. Mizani ukiitilia shaka huitupi. Unaipima na jiwe unaloliamini.

"Sa-samahani, Mama," alisema, akamshika mkono.

Hakuwahi kumshika mkono mama mkwe wake zaidi ya salamu. Aliweka vidole viwili chini ya kidole gumba, akafumba macho. Mapigo yalikuwa yanakimbia, yanajikwaa, yanaruka, yanakimbia tena. Akafumbua macho.

"Mama, kaa chini."

"Mimi sijambo, nimalizie kwanza..."

"Kaa chini!"

Ilitoka moja kwa moja, bila foleni. Fundi alikaa kwenye ukingo wa barabara, na alipokwisha kukaa ndipo yeye mwenyewe akahisi moyo unavyorukaruka kifuani. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. "Naona kizunguzungu kidogo," alisema kwa sauti ndogo.

Mkwe alitoa simu akapiga namba ya gari la wagonjwa.

"Halo, huduma ya dharura."

"M-m-m-m..."

"Halo? Nani anaongea?"

Alijikaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Neno "mama" lilikuwa limekwama mlangoni mwa kinywa, halitoki wala halirudi.

"Watoto mnachezea simu ya dharura!" ilisema sauti, na simu ikakatwa.

Mkwe aliitazama simu ile, na machozi yakamlengalenga. Kisha akasikia mkono unamvuta suruali kutoka chini.

"Tembea, baba," alisema Fundi. "Tembea nayo."

Akapiga tena, na safari hii akaanza kutembea kabla hawajapokea. Alizunguka mduara kumzunguka mama aliyekaa chini, hatua na neno, hatua na neno. "Mama. Yangu. Moyo. Unakwenda. Ovyo. Geti. La. Shule. Chini. Ya. Tangi. La. Maji. Njooni. Haraka." Alisema namba iliyo kwenye saa. Alisema mama yupo macho, anaongea. Aliendelea kuzunguka hata baada ya kuambiwa gari limetoka, kwa kuogopa kusimama, mpaka Fundi akamwambia akae, anamtia kizunguzungu cha pili.

Alikaa. Fundi akaegemea bega lake.

"Umesema mama yangu," alisema. "Hukusema mama mkwe wangu."

"I-ilikuwa fupi zaidi," alijibu, na Fundi akacheka kidogo, pumzi haikumtosha kucheka zaidi.

Hospitali walimlaza. Moyo ulitulizwa kwa dawa, na daktari alipoomba kuona kumbukumbu za saa, alikuta kila kitu kimeandikwa: mapigo yalianza kuvurugika akiwa bado anashuka ngazi za nyumbani, kabla yeye mwenyewe hajahisi chochote. Siku chache za nyuma pia yalikuwa yameruka mara mbili tatu akiwa amekaa anashona. Daktari alisema hilo limemsaidia kujua dozi ya zamani haitoshi, akaibadilisha. Akampiga marufuku kilima kwa muda. Atembee tambarare tu, taratibu.

Mkwe alikaa kando ya kitanda mchana kutwa. Wagonjwa wa chumba kile walizoea kumwona mwanamume mrefu akitembea huku na huko kati ya vitanda, anasimulia habari za wauza nyama wanaolowesha mizani, na mgonjwa wa kitanda cha dirishani akiuliza, "Ehe? Halafu?"

Kitinda alipata ruhusa akarudi nyumbani wiki iliyofuata, na vumbi la barabara kwenye nywele. Alimkumbatia mama yake mpaka mama akalalamika. Alimkumbatia mumewe kwa muda mrefu zaidi. Alikuwa amejiandaa kulea mgonjwa: amekuja na matunda, kipima shinikizo la damu, na sura ya kutoa amri.

Asubuhi ya kwanza aliamka akakuta nyumba tupu. Akatoka mbio, akawaona wako mbali kwenye barabara tambarare inayopita nyuma ya kiwanda cha mbao, mama yake na mumewe, wanatembea bega kwa bega, mikono yote minne hewani kwa kusimulia. Akawakimbilia. Lakini miezi kambini alikuwa akipelekwa kila mahali kwa gari, na alipowakaribia pumzi ilikuwa imemwishia, ameinama, ameshika magoti.

"Ningojeni," aliita. "Mnaongea nini huko?"

Fundi aligeuza kichwa, lakini hakupunguza mwendo.

"Mambo yetu," alisema. "Njoo usikie."

Kitinda alivua koti, akalifunga kiunoni, akaanza kuwafuata.